Kumi na Tatu kwa Sifuri

Barua ya Ofisi ya Sura Mpya ya Bandari ilisomwa mara tatu katika baa ya Araxie, na kila iliposomwa ilizidi kuwa mbaya. Mara ya kwanza aliisoma Araxie mwenyewe, amesimama nyuma ya kaunta, miwani kwenye ncha ya pua. Mara ya pili aliisoma Mmadi Soilihi, ambaye alipika kwenye meli miaka thelathini na mmoja na anaamini kwamba kila hati ina jambo lililofichwa kwa maandishi madogo chini kabisa. Mara ya tatu aliisoma Fortuné Pascalini, kwa sauti, akitua kwenye kila nukta kama hakimu, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa klabu na bahasha ilikuwa na jina lake.

Barua ilisema kwamba uwanja wa mipira ya chuma ulio nyuma ya gati la Joliette, mjini Marseille, utageuzwa, ifikapo Oktoba, kuwa Bustani ya Manukato. Kutakuwa na masanduku meupe ya maua ya lavenda, viti vya mbao na kibanda cha kahawa. Klabu itapewa mahali mbadala, na mahali penyewe palikuwa juu ya paa la jengo la kuegeshea magari, upande wa kaskazini, mwisho kabisa wa njia ya basi.

"Juu ya paa," alisema Mmadi. "Wanataka tucheze na njiwa."

"Njiwa wana bahati kuliko ninyi," alisema Araxie. "Wao hawakuandikiwa barua."

Fortuné hakucheka. Alikuwa na miaka sabini na minne, na kati ya hiyo thelathini na minane aliitumia juu ya winchi akishusha shehena za watu wengine. Winchi zilihamishwa. Maghala yakageuzwa maduka ya sabuni yenye mataa makali kama chumba cha upasuaji. Mkewe akafa. Uwanja ule ndio uliobaki kuwa mahali anapoweza kutembea macho yamefumbwa bila kuuliza mtu, na sasa walitaka kuupanda maua.

Kibaya zaidi, mwaka ule alikuwa hachezi vizuri. Tangu majira ya baridi mpira wake ulikuwa unamtoroka. Aliurusha kama alivyourusha siku zote, ukatua pale pale unapotua siku zote, kisha ukaenda zake. Alijua sababu: bega. Alinunua dawa ya kuchua kwenye duka la mtaa wa mbali asikojulikana, akajipaka kila asubuhi mlango umefungwa, na mtu akimwuliza harufu ile ya kafuri ni ya nini, alisema ni ya nondo kabatini.

Wiki moja baada ya barua akaja Bastien Delmas, mfanyakazi wa ile ofisi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, viatu vyeupe, suruali inayoishia juu ya kifundo cha mguu. Siku ya kwanza alipofika, Araxie alimwuliza kama mafuriko yanatarajiwa.

"Wazee wangu," alisema Delmas, "nina habari njema."

"Umefukuzwa kazi," alisema Araxie.

"Hapana, mama. Kuna mgeni anakuja."

Akaeleza. Mwandishi wa gazeti kubwa la Norwe alikuwa akizunguka kwenye miji ya pwani iliyofufuka. Alhamisi atakuwa Marseille, na Delmas ndiye wa kumtembeza. "Wakubwa wangu hawasomi barua zenu," alisema. "Lakini magazeti ya watu wa nje wanayasoma mpaka matangazo ya vifo. Huyu mama akiandika kwamba uwanja wenu ni kitu cha pekee, nani atathubutu kuuchimba? Mimi binafsi nawapenda. Ila nataka kitu cha kushika mkononi."

"Sasa sisi tufanye nini?" aliuliza Fortuné.

"Mchezeni naye. Ashinde. Mgeni hupapenda mahali aliposhindia."

"Ashinde," alirudia Fortuné, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa avue suruali.

"Kwa adabu tu. Kumi na tatu kwa kumi. Kumi na tatu kwa tisa." Delmas akatupa jicho ukutani, karibu na mlango wa msalani, palipotundikwa kabati dogo la mbao. "Na lile kabati libaki limefungwa. Tafadhali sana."

Ndani ya kabati lile, nyuma ya pazia jekundu, alikuwamo Fanny. Fanny ni makalio. Hana kichwa wala miguu; ni makalio ya mwanamke, ya plasta, yaliyopakwa rangi ya waridi mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, na kuna sehemu ambapo rangi yenyewe imekwisha kwa midomo ya watu. Kila uwanja wa mipira kuanzia baharini mpaka milimani una Fanny wake, na sheria yake ni moja: anayepigwa kumi na tatu kwa sifuri hupiga magoti mbele ya watu wote akambusu. Hakuna rufaa. Fortuné alikuwa amempigisha magoti meneja wa benki. Alimpigisha magoti padri wa parokia, aliyefumba macho. Alimpigisha magoti baba mkwe wake, wiki moja kabla ya harusi. Yeye mwenyewe hajawahi kupiga magoti hata mara moja katika miaka hamsini na sita, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko alivyodhani.

"Kumi na tatu kwa tisa," alisema mwishowe. "Si chini ya hapo."

Alhamisi ilipofika, upepo wa mistrali ulikuwa umevuma siku mbili mfululizo na kuiacha mbingu kama sahani iliyooshwa. Mgeni aliitwa Ingvild Moe. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, viatu vya kutembelea, mkoba mgongoni na penseli sikioni kama fundi seremala. Delmas alikuwa ameshamzungusha tangu asubuhi: lile jumba jeusi la makumbusho lililovaa wavu, lile paa la kioo la Bandari ya Kale ambamo watu hujitazama vichwa chini, maghala, na mnara mpya wa vioo uliosimama ubavuni mwa uwanja.

"Umeuonaje mji wetu, mama?" aliuliza Mmadi, ambaye ndiye mwenye adabu.

"Ni msafi," alisema Ingvild. Kifaransa chake kilikuwa cha taratibu, neno moja moja, kama mtu anayepanga sahani mezani. "Nimehesabu maduka sita ya sabuni. Nikaelewa."

Delmas akacheka kwa niaba ya wote.

"Na kila mtu ananiambia kwamba zamani palikuwa pabaya," aliendelea. "Dereva wa teksi, mwenye hoteli, Bwana Delmas. Wanasema kwa fahari. Mmoja amenionyesha mahali alipochomwa kisu mjomba wake. Sasa wanauza aiskrimu hapo."

"Mjomba wa nani huyo?" aliuliza Araxie kutoka dirishani.

"Sikuuliza jina."

"Basi usijisumbue. Huyo mjomba ni wetu sote. Hakuna mtu Marseille asiye na mjomba aliyechomwa kisu. Ukiwaamini wote, mji huu hapo zamani ulikuwa hauna watu wengine ila wajomba."

Ingvild akatoa penseli sikioni na kuandika.

Wakagawana. Mgeni na Delmas upande mmoja, Fortuné na Mmadi upande wa pili, kila mtu mipira mitatu. Kanuni zake mtoto anazielewa: unatupa kijipira cha mbao, halafu kila upande unajitahidi mipira yake ikae karibu nacho kuliko ya wenzao, na kila mpira ulio karibu zaidi ni pointi; wa kwanza kufika kumi na tatu ameshinda. Kile kijipira wenyeji hukiita kinguruwe. Mmadi, kwa dini yake, hukiita kile kidogo.

"Sijawahi kucheza mchezo huu," alisema Ingvild. Akaupima mpira mkononi. Kisha akapiga goti moja kando ya uwanja, akaegemeza shavu karibu na mchanga, akatazama. Alitazama muda mrefu, kama mtu aliyedondosha hereni.

"Umepoteza kitu, mama?" aliuliza Mmadi.

"Hapana. Naangalia tu."

Fortuné na Mmadi wakapeana jicho. Halafu mgeni akainuka na kucheza, na walichokiona kiliwapa moyo: hakurusha. Aliuvingirisha mpira chini, polepole, kama anayesukuma donge la unga.

"Ataumwa mgongo kabla ya kufika tano," alinong'ona Mmadi.

Kushindwa kwa makusudi ni kazi, na Fortuné aliifanya kazi hiyo kwa ustadi. Alitupa fupi, alitupa ndefu, alishika bega na kukunja uso. Mmadi, ambaye kazi yake ni kupiga na kuondoa mipira ya adui, alipiga mchanga mtupu mara mbili na kutikisa kichwa kwa huzuni ya kupendeza. Delmas hakuhitaji kujifanya. Mmoja wa mipira yake ulipatikana kwenye ndoo ya Araxie. Pointi zote zilitoka kwa mgeni. Tatu. Tano. Nane.

Kwenye nane Fortuné akaanza kuhesabu vizuri.

"Pointi zetu ziko wapi?" alimwuliza Mmadi bila kuachanisha meno.

"Nilidhani unazichukua wewe. Mwenyekiti ni wewe."

"Mimi nilikuwa nashindwa."

"Na mimi nilikuwa nashindwa."

"Hatuwezi kushindwa wote wawili, Mmadi. Mmoja anashindwa, mwenzake anaokota okota kidogo. Hiyo hata punda anaijua."

"Ungesema, basi. Hukusema. Umekaa umenuna kama kawaida yako, mimi nitajuaje leo unanuna kwa mpango gani?"

"Sasa tucheze."

"Sasa tunacheza," alikubali Mmadi, akafuta miwani yake.

Wakacheza. Fortuné akaacha kushika bega, akapanga miguu, akarusha mpira wake halisi, ule uliompigisha magoti meneja wa benki. Ulitua kwenye kiraka kimoja cheupe karibu na mfereji, pale anapolenga tangu ujana wake. Ukaelekea kwenye kinguruwe. Ukakipita kwa kando na kwenda kusimama upande wa baharini, mbali, kama mtu asiyetaka kusalimia. Mmadi akapiga, akakosa, na safari hii huzuni yake haikupendeza. Mgeni akavingirisha. Kumi kwa sifuri.

Wanachama waliokuwa wakicheza karata ndani wakaanza kutoka mmoja mmoja na kupanga mstari juu ya ukuta mfupi, fulana zao nyeupe zikiwaka juani. Walikuwa tisa. Hakuna aliyesema kitu, na watu tisa wa Marseille wakinyamaza pamoja, mtu mwenye busara huita gari la wagonjwa.

Kumi na mbili kwa sifuri.

Fortuné akavua kofia. Pointi moja ilitosha. Akiipata moja, hata wakimpiga baadaye, Fanny atabaki nyuma ya pazia na miaka hamsini na sita itabaki mizima. Alipumua. Alirusha. Ulikuwa mpira mzuri kuliko yote aliyorusha mwaka ule. Ulitua kiraka kile kile, ukatambaa, ukasimama kiganja kimoja kutoka kwenye kinguruwe. Mtu mmoja ukutani akatoa pumzi. Ndipo mpira, bila kuguswa na mtu, ukajigeuza kidogo na kuondoka tena, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Ukaenda hatua nzima. Miwili iliyofuata ikaufuata ule wa kwanza. Mmadi akapiga mara tatu, akafukua mashimo matatu.

Ingvild akapeleka mpira wake juu sana, upande wa ukutani, mbali na lengo kiasi kwamba Delmas alisema "pole". Mpira ukapanda, ukachoka, ukakunja kona, ukashuka wenyewe mpaka ukagusa kinguruwe na kulala.

Kumi na tatu kwa sifuri.

"Naomba kuuliza," alisema Ingvild. "Kwa nini mnarusha kana kwamba uwanja uko sawa?"

"Uko sawa," alisema Fortuné. "Babu zetu waliusawazisha kwa kamba na maji."

Mgeni akainama. Akaweka mpira mmoja katikati ya uwanja, akaondoa mkono. Mpira ukakaa kwanza, kama unafikiri. Kisha ukaanza kwenda, polepole, bila haraka yoyote, ukavuka upana wote wa uwanja na kugonga ubao wa upande wa bahari. Tok.

"Kwetu tunasukuma mawe juu ya barafu," alisema, kama anayeomba radhi. "Nilicheza miaka kumi na minane. Mteremko wa unene wa ukucha tu ukikupita, umeshindwa."

"Na ile mifagio niliyoona kwenye televisheni?" aliuliza Mmadi. "Ni kweli mnafagia barafu?"

"Kweli."

"Mbele ya jiwe?"

"Mbele ya jiwe."

Mmadi aliliweka jambo hilo akilini kwa ajili ya siku nyingine. Watu wote walikuwa wameshageuka kuutazama ule mnara wa vioo, ambao chini yake maegesho ya magari yalichimbwa majira yote ya baridi, mita ishirini kutoka hapo, kwa mashine zilizotikisa glasi za Araxie mpaka zikaimba.

"Kwa hiyo si bega," alisema Fortuné. Hakukusudia kulisema kwa sauti.

"Bega gani?" aliuliza Mmadi.

"Langu. Nalichua tangu Januari."

Mmadi alimtazama. "Mimi nimebadilisha miwani mara mbili."

"Mimi nilipigwa picha ya kichwa," ilisema sauti kutoka ukutani. Alikuwa Toine, aliyewahi kuwa rubani wa kivuko. "Nikaambiwa hakuna kitu."

"Kichwani?"

"Hakuna ugonjwa, mpumbavu wee."

"Mimi daktari kanikataza jibini," alisema mwingine. "Miezi sita sijala jibini."

Yakatoka yote. Dawa, miwani, sindano za goti, soli maalumu za viatu. Kwa kuwa wote waliharibika kwa kipimo kimoja, michezo yao iliendelea kumalizika kama ilivyomalizika siku zote, na hakuna aliyeshtuka. Klabu nzima ilikuwa imelalia baharini, na kila mzee alidhani ni uzee wake peke yake, akauficha.

Uso wa Delmas ulikuwa na rangi ya plasta. "Nadhani hili la mnara si lazima liandikwe."

"Nimeshaliandika," alisema Ingvild.

Hapo kengele ya baa, inayoita watu kwa Fanny, ikalia. Araxie hakuwa na nia mbaya; mkono wake ulikuwa umeizoea kamba ile miaka arobaini, na uliposikia kumi na tatu kwa sifuri ukaenda wenyewe.

"Hiyo ni ya nini?" aliuliza mgeni.

"Ya chakula," alisema Delmas, na papo hapo akamshika Fortuné kiwiko na kumvuta kando, karibu na mapipa. "Mzee Pascalini, nakuomba. Gazeti la Norwe. Mwanamke. Na mzee anabusu makalio. Wakubwa wangu wakisoma hilo, hawatangoja Oktoba, watakuja na koleo kesho. Tena sikiliza, uwanja umeinama. Mchezo haukuwa halali. Hakuna mtu atakayekulaumu, na nitakuandikia hilo kwa barua, na muhuri."

Fortuné hakuwahi kuona mlango wa kutokea uliofunguliwa vizuri namna ile. Sababu ilikuwapo, na ilikuwa ya kweli. Heshima yake ingebaki nzima. Hata uwanja ungepona. Alichotakiwa kufanya ni kuingia ndani na kuagiza vinywaji.

Akawatazama wale wa ukutani. Hawakumtazama. Toine alikuwa akikagua viatu vyake, na wengine waliona kitu cha maana sana angani. Walikuwa wamekwisha kumwachilia, na hilo lilimchoma kuliko wangecheka. Akamkumbuka baba mkwe wake, aliyekuwa na mawe ya figo siku ile na akapiga magoti hivyo hivyo, akiguna. Padri alikuwa ameomba asamehewe kwa sababu ya kanzu, na ni yeye Fortuné aliyemjibu kwamba Fanny hajui kanzu. Meneja wa benki alisema jua lilimpiga machoni. Kila mtu huwa na sababu. Leo akiingia ndani na sababu yake, kesho kila mtu ataleta ya kwake, yenye muhuri, na uwanja utabaki kuwa mita kumi na mbili kwa thelathini za mchanga. Hapo ni afadhali waupande hiyo lavenda.

"Bastien," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina hilo, "uwanja uliinama kwetu, na kwake pia uliinama." Kisha akapaza sauti kidogo. "Araxie. Fungua."

Watu wakashuka ukutani, wakaingia baa. Araxie akafungua kabati, akavuta pazia, na kwa heshima akapangusa vumbi kwa kitambaa cha glasi. Fortuné akapiga magoti. Sakafu ilikuwa baridi, na goti la kushoto likatoa mlio uliosikika mpaka jikoni. Kwa karibu, Fanny alinuka rangi kuukuu na shamari, kwa sababu ya kileo cheupe cha Marseille ambacho wengi waliomtembelea walikuwa wamekinywa kwanza. Akambusu. Ilichukua muda mfupi sana kwa jambo alilolikimbia miaka hamsini na sita.

"Na wewe," Araxie alimwambia Mmadi.

"Mimi nimefunga ndoa kuu kwetu Ngazidja," alisema Mmadi. "Nimelisha mji mzima siku tisa. Msikitini nakaa safu ya mbele."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mpanguse kwanza. Siwezi kupita alikopita huyu." Akapiga magoti, akatazama dari. "Mungu anajua ni plasta," alisema, na akalipa.

Hapo ndipo walipocheka, wote, mpaka Toine ikabidi akalie ngazi. Ingvild Moe hakupiga picha. Alikuwa amefunga daftari na kuvua kofia, na alipoulizwa anakunywa nini alisema anachokunywa kila mtu.

Makala ilitoka baada ya wiki tatu. Delmas aliileta ikiwa imefasiriwa, akaiweka juu ya kaunta kama anayeweka matokeo ya hospitali. Jumba la makumbusho lilipata mistari miwili. Mnara ulipata mmoja: ni mrefu, na umewalaza majirani zake upande. Zilizobaki zilikuwa za uwanja, na Fortuné alizisoma kwa sauti mpaka alipofika mahali palipoandikwa hivi: *Mji huu umenawa uso vizuri, na asubuhi nzima nilionyeshwa uso. Mchana, kwa bahati, nilionyeshwa upande wa pili, na huko ndiko nilikokutana na wenyeji.*

"Huyo mwanamke angekuwa wa hapa," alisema Araxie, "angekuwa meya."

"Watu wanapiga simu ofisini," alisema Delmas. "Kutoka Norwe. Wanauliza wanaweza kushindwa lini." Akatoa karatasi nyingine. Wakubwa walikuwa wameifuta Bustani ya Manukato. Uwanja ungebaki, kwa masharti manne, na mwenyekiti atie sahihi.

La kwanza lilikuwa kibao cha maelezo kwa lugha tatu. Wakakubali, maana hawangelazimika kukisoma. La pili lilikuwa saa za kufungua na kufunga. Wakakubali, maana hawangezifuata. La tatu lilikataza kukaa ukutani na fulana za ndani, nalo likazua mabishano ya nusu saa, mpaka likakubaliwa isipokuwa Julai na Agosti. La nne lilisema kwamba Fanny atolewe ndani, awekwe uwanjani katika kasha la kioo lenye taa, *ili wageni wapate kumwona bila kulazimika kushiriki.*

"Hapana," alisema Fortuné.

"Mzee, kioo kimeshanunuliwa."

"Fanny haonyeshwi. Mtu humpata kwa kushindwa. Mkimweka kwenye taa, ni plasta tu, na mimi nitakuwa mzee aliyebusu plasta mbele ya watu."

"Bila sharti la nne hakuna sahihi, na bila sahihi, koleo. Siwezi kulifuta hivi hivi. Lazima niandike sababu, kwa mkono wangu."

Fortuné aliivaa kofia yake. "Basi tucheze," alisema. "Wewe peke yako na mipira sita, mimi na Mmadi mitatu mitatu. Ukipata pointi moja, moja tu, mbebe ukamtie kwenye kioo chako na mimi natia sahihi. Usipopata, unajua njia ya kabatini, na sababu utaitafuta mwenyewe."

Delmas aliutazama uwanja kupitia dirishani. Mteremko aliujua, alikuwapo siku mgeni alipoufichua. Pointi moja, kati ya mipira sita, kila raundi. Alivua koti.

Asichokijua ni kwamba wazee walikuwa wakifika uwanjani kila asubuhi kwa wiki tatu, shavu mchangani, wakiusoma mteremko ule kama barua ya posa. Fortuné alipeleka mipira yake juu, ukutani, na kuiacha ishuke yenyewe. Nne. Saba. Kumi. Kwenye kumi na moja, mpira wa Delmas uligonga jiwe, ukaruka, ukalala kidole kimoja kutoka kwenye kinguruwe, naye akaanza kutabasamu. Mmadi akafuta miwani, ambayo ilikuwa ile ya zamani, akarudi hatua moja na kupiga. Mlio ulikuwa kama wa kifuniko cha sufuria kilichoangushwa, na mpira wa Delmas ukaenda kupumzika chini ya meza.

Raundi iliyofuata Araxie aligonga kengele.

Delmas alipiga magoti vizuri, kwa kuwa magoti yake bado yalikuwa mapya, na suruali yake ikapanda mpaka katikati ya muundi. Alikaa pale muda mrefu kidogo kuliko sheria inavyotaka. Aliposimama aliomba kalamu, akapiga mstari juu ya sharti la nne, na pembeni yake, kwa mwandiko wa kiofisi, akaandika: *Nimekagua mwenyewe. Haifai kutolewa nje.*

Fortuné akatia sahihi chini yake.